Pipa na Kilichomo: Uhakiki wa Bia Kali Zilizokomazwa katika Mapipa ya Wiski

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii aghalabu hutumika kumwonya anayesifiwa, asije akalewa sifa na kuiharibu kazi yake. Lakini tukiitazama kwa upande wa pili, yamwonya pia anayesifu. Kama mnywaji angalijua kupima, akasema wazi tembo hili limekolea na lile ni chapwa, mgema asingalithubutu kulitia maji. Tembo lililoharibika kwa sifa ni kosa la watu wawili: la mgema aliyedanganya, na la mnywaji asiyejua kuonja. Huyo wa pili ndiye anayetuhusu katika makala haya.

Tunakusudia kuhakiki aina moja ya kinywaji cha kigeni, yaani bia kali za jadi ya Uingereza na Uskoti, ziitwazo eli, ambazo baada ya kuchacha hutiwa katika mapipa yaliyowahi kuhifadhi wiski, zikaachwa humo kwa wiki, miezi au hata zaidi ya mwaka. Msomaji ana haki ya kuuliza: jambo hili linatafuta nini katika kitabu cha utamaduni wa taifa? Jibu letu ni kwamba kinywaji ni kazi ya mikono na akili ya watu, kama ngoma na kama ususi, na kila kazi ya namna hiyo yaweza kuhakikiwa. Tena bia hizi zinatuwekea mezani swali ambalo sisi wenyewe tunalo: kitu kikitiwa katika chombo cha kuazima, hubaki ni kitu kile kile, au chombo hukimeza? Hatuwaiti wanafunzi wakanywe. Sheria ya nchi yamkataza aliye chini ya miaka 18, na bia hizi ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Twawaita wafikiri.

Asili ya jambo lenyewe

Kwanza tuelewane kuhusu vitu vitatu: bia, wiski na pipa. Eli hupikwa kwa kimea cha shayiri na maua machungu ya hopsi, kisha huchachuliwa kwa hamira. Wiski nayo huanzia kwenye nafaka iliyochacha, lakini hutoneshwa kwa mvuke mpaka kileo chake kikawa kikali mno, ndipo ikawekwa katika mapipa ya mwaloni. Kwa sheria ya Uskoti, wiski haiitwi wiski mpaka ikae pipani si chini ya miaka 3. Kwa sheria ya Marekani, wiski iitwayo bourbon, ambayo zaidi ya nusu ya nafaka yake ni mahindi, sharti iwekwe katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa moto kwa ndani.

Sheria hiyo ya Marekani ndiyo mama wa habari yetu. Madhali bourbon yadai pipa jipya kila mara, pipa lililokwisha kutumika halina kazi tena kwa mwenye kiwanda. Ni pipa zima, lenye ujazo wa kiasi cha lita 200, nalo limelowa wiski ndani ya mbao zake. Kwa miaka mingi mapipa hayo yamevuka bahari kwenda Uskoti, ambako wiski ya shayiri hukomazwa ndani yake. Hivyo pipa moja laweza kuwa limelea mahindi ya Kentucky, kisha shayiri ya Uskoti, na mwishoni bia. Ni chombo chenye kumbukumbu.

Yafaa ifahamike kwamba wapika bia wa zamani hawakuitaka kumbukumbu hiyo. Bia ilikaa ndani ya mapipa ya mbao kwa karne nyingi kabla ya mapipa ya chuma, lakini mpika bia alijitahidi mbao zisisikike mdomoni. Wajerumani walipaka lami ya misonobari ndani ya mapipa yao. Waingereza walipenda mwaloni mgumu wa nchi za Baltiki kwa sababu ulikuwa mkimya, wakaukwepa ule wa Marekani kwa sababu ulisema sana. Kwa hiyo bia tunazozihakiki leo si mila ya kale iliyorithiwa, kama baadhi ya matangazo yanavyotaka tuamini. Ni mageuzi ya juzi, yaliyokigeuza kilichokuwa kasoro kikawa sifa.

Mageuzi hayo yalianza pande mbili. Huko Chicago, katikati ya miaka ya 1990, kiwanda cha Goose Island kilitia bia nyeusi nzito katika mapipa ya bourbon, ikaitwa Bourbon County Stout. Huko Uskoti jambo lilikuja kwa njia ya kuchekesha. Kampuni ya wiski ya William Grant & Sons ilitaka mapipa yaliyoonjeshwa bia ili kuipa wiski yake ladha mpya. Mpika bia Dougal Sharp akaitengeneza eli ya kazi hiyo. Bia ilikuwa chombo cha kulainisha pipa tu. Ikishafanya kazi yake, ni ya kumwagwa. Wafanyakazi wakaionja kabla ya kuimwaga, wakaiona njema. Mwaka 2003 bia ya namna hiyo ikaanza kuuzwa Edinburgh kwa jina la Innis & Gunn. Mtumishi aliyetumwa kumwandalia bwana kiti akawa ameketi yeye.

Pipa linatoa nini

Ndani ya mwaloni uliochomwa mna vitu ambavyo kileo huvivuta polepole. Kimojawapo ni kile kile kinachoipa vanila harufu yake. Kingine hunukia nazi, hasa katika mwaloni wa Marekani. Mtu wa pwani akinusa bia hizi huenda akashangaa kukutana na jikoni kwao katika kinywaji cha baridi ya kaskazini. Ngozi ya ndani iliyoungua hutoa ladha ya sukari iliyokaangwa, na mbao zenyewe hutoa ukakasi, ule unaoukaza ulimi kama ndizi mbichi. Juu ya hayo kuna mabaki ya wiski iliyonywewa na mbao, ambayo huipandisha bia nguvu. Na ikiwa ni wiski ya kisiwa cha Islay, huja pia moshi, kwa sababu huko kimea hukaushwa kwa moto wa udongo mweusi wa mabwawa, uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, unaokatwa na kuchomwa kama kuni.

Mwisho kuna hewa. Pipa la mbao hupumua. Hewa kidogo inayopenya huikomaza bia na kuipa ladha ya tende na zabibu kavu; ikizidi, au kijidudu kikipata njia, bia hugeuka siki. Hata wakubwa huanguka hapo. Bourbon County ya mwaka 2015 ilipatwa na uchachu katika baadhi ya chupa, na mwaka 2016 kiwanda kikawarudishia wateja fedha zao. Pipa si mtumwa wa mpika bia.

Maarifa haya ya chombo kutoa ladha yasituvimbishe macho kana kwamba yamezaliwa ng'ambo. Wamasai huufukiza mtungi wa maziwa kwa kijinga cha mti wa jamii ya mzeituni, na maziwa hayo hukaa na kunukia. Wakalenjin wa Kenya hukisugua kibuyu kwa mkaa wa mti maalumu kabla ya kutia maziwa ya mursik. Pwani yetu maji ya mtungi yalifukizwa ubani. Katika yote haya moto, mti na chombo vimetumwa kumpa kinywaji kitu asichokuwa nacho. Tofauti ni kwamba wenzetu wameandika na kubishana juu ya pipa lao, ilhali sisi kibuyu chetu tumekiachia kumbukumbu ya bibi.

Kuonja na kupima

Kuonja si kunywa. Mnywaji hutafuta kiu iishe au moyo uchangamke; mwonjaji hutafuta kujua. Bia hizi huonjwa kwa kipimo kidogo, kama cha kikombe cha kahawa ya magengeni, tena si za barafu. Baridi kali huifunga harufu, na bia ya pipa ikifungwa harufu imefungwa mdomo. Huachwa ikapata ubaridi wa maji ya mtungini. Mwonjaji hutazama rangi, hunusa kabla ya kugusa, hunywa funda moja akalizungusha ulimini, akameza, kisha akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko wengi wanakokuruka, na ndiko kwenye hukumu, kwa maana kilicho cha pipa na kilicho cha bia havitoki mdomoni kwa wakati mmoja.

Swali la kuulizwa ni hili: tukiliondoa pipa, hapa pangebaki nini? Tulizoonja sisi kwa miaka kadhaa, kwa hisani ya marafiki waliorudi kutoka masomoni, ni nne, nazo zatosha kuonyesha jinsi swali hilo linavyofanya kazi.

Tuanze na Innis & Gunn yenyewe, yenye kileo cha asilimia 6.6. Rangi yake ni ya asali ya nyuki wa miombo. Harufu ni vanila tupu, na ladha yafuata harufu bila ubishi: sukari guru, vanila, kisha mwaloni. Ni bia ya kirafiki, na mgeni wa bia hizi ataipenda. Hata hivyo, tukiuliza swali letu, jibu ni dogo. Liondoe pipa na hapa pabaki utamu usio na uti wa mgongo. Uchungu wa hopsi, ambao ndio ungeubishia utamu, umekaa kimya tangu mwanzo. Asili ya bia hii yaeleza hali yake: ilitungwa ili ilitumikie pipa, na hata ilipopata uhuru haikuacha kulitumikia.

Ya pili ni Harvest Ale ya kiwanda cha J.W. Lees, karibu na Manchester. Ilianza kupikwa mwaka 1986, hupikwa mara moja kwa mwaka kwa shayiri na hopsi za mavuno mapya, na kileo chake ni asilimia 11.5. Hii ni bia ya kufundishia, kwa kuwa ile ile moja imewahi kutolewa bila pipa, na pia katika mapipa ya mvinyo wa sheri, ya mvinyo wa poti, ya kalvadosi, ambayo ni pombe kali ya matofaa, na ya wiski ya Lagavulin ya huko Islay. Mhakiki hapati bahati kama hiyo mara nyingi: ni kama kupewa shairi moja lililoghaniwa na waghani watano. Isiyo na pipa ni tende, asali iliyoungua na uchungu wa mbali. Ya Lagavulin huingia na moshi mzito, moshi wa jiko la kuni na wa dawa ya kidonda, na katika funda la kwanza tulidhani bia imekufa. Tulipoinyamazia, tende zikatoka nyuma ya moshi, zikakaa ulimini muda mrefu kuliko moshi wenyewe. Hapo pipa limezungumza kwa sauti kubwa, lakini bia ndiyo iliyosema neno la mwisho. Tunaihesabu kuwa kazi njema, ingawa si ya kila mtu.

Ya tatu ni Ola Dubh, ya kiwanda cha Harviestoun cha Uskoti. Jina lake kwa lugha ya Kigeli ni mafuta meusi, na kweli humiminika kama mafuta. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 2007, ina asilimia 8, na hukomazwa katika mapipa ya wiski ya Highland Park ya visiwa vya Orkney. Chupa hutofautishwa kwa umri wa wiski iliyotangulia pipani: 12, 16, 18, 30, 40. Mnunuzi hulipa zaidi kwa namba kubwa, na hapo mwonjaji hana budi kuwa macho, maana umri huo ni wa wiski iliyokwisha ondoka, si wa bia iliyopo. Tuliyoonja sisi ni ya 12. Ina kahawa chungu, kakao, na ukoko wa wali ulioungua kidogo. Moshi wa wiski upo, lakini umeketi katikati ya kahawa na ukoko kama ndugu yao. Hapa ndipo tulipopata ulinganifu. Bia nyeusi tayari ina kuungua kwake, kutokana na kimea kilichokaangwa. Moshi wa pipa ukikuja wakuta nyumba ambayo lugha yake inafahamika. Ya nne ikisubiri zamu yake, tulikubaliana kwamba kama tungetakiwa kumwonyesha mtu mfano mmoja tu, tungemwonyesha hii.

Ya nne ni Bourbon County Stout ya Chicago, ambayo kileo chake hupita asilimia 13. Ni nyeusi tii, na nazi, vanila na chokoleti hushindana kutoka gilasini. Ukubwa wake hauna shaka. Bia ndogo katika pipa la bourbon ingezama, hii inaogelea. Lawama yetu ni moja: haimpi mtu pumziko. Kila funda ni mwisho wa sherehe, na mtenzi ajuaye kazi yake hawezi kuandika beti zote kana kwamba kila moja ni ubeti wa tamati. Kidogo chake ni kitu cha ajabu. Kingi chake ni kelele.

Kuna njia nyingine ambayo hatuna budi kuitaja ili tuikatae. Mwaka 2009 kiwanda cha BrewDog cha Uskoti kilichukua bia nyeusi iliyokaa katika mapipa ya wiski, kikaigandisha ili maji yatengane na kileo, kikapata kinywaji cha asilimia 32, nacho kikatangazwa duniani kote kwa namba hiyo. Viwanda vingine vikajibu kwa namba kubwa zaidi. Hapo uhakiki umekwisha na mashindano ya mizani yameanza. Ukali si ladha. Mtu akisifu kinywaji kwa kuwa kinaangusha, hajakisifu kinywaji, amesifu anguko. Sisi tunayajua hayo kwa uchungu, maana gongo nalo husifiwa kwa ukali wake, na sifa hiyo imewapofusha na kuwazika watu.

Lugha ya mwonjaji

Uhakiki wa bia ulipata heshima katika Kiingereza hasa kwa kazi ya mwandishi mmoja, Michael Jackson, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2007, ambaye kitabu chake cha bia za dunia kilitoka mwaka 1977. Alizigawa bia kwa aina na asili zake, akaonyesha kwamba bia yaweza kuelezwa kwa uangalifu uliokuwa ukiwekewa mvinyo peke yake. Katika uandishi wa namna hiyo bia ya pipa hunukia keki ya Krismasi, tofi na kiti cha ngozi. Ni haki yao; kila mwonjaji huazima kutoka jikoni kwao.

Kosa huja pale mwanafunzi wetu anapodhani kwamba kuonja ni kukariri keki ya Krismasi. Kiswahili hakina umaskini katika jambo hili. Kina chapwa na dufu kwa kinywaji kisicho na ladha. Kina ukakasi wa kukaza ulimi na ugwadu wa tunda bichi, vitu viwili ambavyo mnywaji asiye makini huvichanganya na uchungu. Kina kukolea, kukereketa, kuvunda na kuchacha, na kila neno lina mpaka wake. Kina tende, sukari guru, ukoko, embe lililovundikwa, nazi iliyokaangwa, na moshi wa kuni mbichi ambao si sawa na moshi wa mkaa. Kwa maneno haya tumezieleza bia nne za kigeni bila kuomba msaada. Lugha iliyoweza kuhakiki pipa la Lagavulin haiwezi kushindwa na kibuyu cha Rombo.

Funzo kwetu

Mwaka 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba kufufua utamaduni wetu si kukataa wa wengine, na kwamba taifa lisilojifunza kwa wageni halina akili. Bia za pipa zatupa kipimo cha kujifunza huko. Chombo cha kuazima huleta heri pale tu kilichomo kina mwili wake. Innis & Gunn iliazima bila kuwa na cha kujibu, ikamezwa. Harvest Ale na Ola Dubh ziliazima zikiwa na neno lao, zikakua. Ndivyo ilivyo katika ushairi pia. Katika mabishano ya miaka ya 1970, hasa baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974, wengi tuligombania chombo: vina na mizani au mtindo huru. Wachache waliuliza kama kilichomo kilikuwa na uzito wa kustahimili chombo chochote kile.

Funzo la pili ni kwamba si kila kinywaji kinahitaji pipa wala umri. Mbege ya Wachagga, ya ndizi zilizopikwa, kimea cha ulezi na uchungu wa gome la msesewa, uzuri wake ni wa siku chache; kuitaka ikae mwaka mzima ni kumtaka kipepeo awe kobe. Ulanzi wa Iringa na Njombe una majina yake kwa hatua zake, mtogwa ukiwa bado mtamu na mkangafu ukishakuwa mkali, na majina hayo tayari ni uhakiki. Kinachokosekana ni kuandika: nani hupika vipi, gome kiasi gani, chombo gani, na kwa nini mpishi mmoja husifiwa na jirani yake huachwa.

Walimu wanaweza kuanza bila tone la kileo. Togwa ya chungu kimoja igawanywe mara mbili, nusu katika kibuyu kilichofukizwa na nusu katika ndoo ya plastiki, iachwe usiku mmoja, kisha darasa lionje na kuandika sentensi tano kwa Kiswahili, pasiwe na neno tamu wala zuri katika yoyote kati ya hizo. Mwanafunzi atakayeweza kusema kipi ni cha togwa na kipi ni cha kibuyu, amekwisha ingia mlango wa uhakiki. Akikua, mgema wake hatathubutu kulitia tembo maji.